Baraza la Kutoana na Baraza la Kupatana: Somo la Uongozi kutoka Shaba hadi Sironga

1. Utangulizi

Mnamo Julai na Agosti 2001, Wamarekani 16, wanawake wanane na wanaume wanane, waliishi kwa muda wa siku 39 katika mbuga ya Shaba, Isiolo, kaskazini mwa Kenya. Waligawanywa katika kambi mbili zilizopewa majina ya watu wa eneo hilo, yaani Boran na Samburu. Walijenga boma la miiba kujikinga na simba, wakachota maji machafu na kuyachemsha, na kila kambi iliyoshindwa katika shindano ilikwenda kwenye baraza usiku kumpigia mmoja wao kura ya kumtoa. Aliyebaki mwisho alikabidhiwa dola milioni 1. Mchezo huo uliitwa Survivor: Africa, na kituo cha CBS cha Marekani kiliurusha kuanzia tarehe 11 Oktoba 2001 hadi tarehe 10 Januari 2002.

Michezo ya aina hii, ambayo hapa itaitwa michezo ya uhalisia ya runinga, imekuwa ikisifiwa kuwa ni shule ya uongozi. Husemwa kwamba mtazamaji hujifunza namna ya kuwaongoza watu walio katika dhiki, namna ya kujenga ushirika, na namna ya kumtambua msaliti kabla hajasaliti. Sifa hizo si za bure. Hata hivyo, mhakiki wa fasihi hana budi kuuliza swali lililo kabla ya hayo: uongozi huu unafanyika mbele ya baraza la namna gani, na baraza hilo lipo kwa ajili ya kazi gani?

Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kuutazama mchezo wa Shaba kutoka Sironga, katika kaunti ya Nyamira, nchi ya Abagusii. Mahali hapo pamechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, Abagusii walikuwa na baraza lao la ujirani, etureti, ambalo historia yake inajulikana na ambalo linaweza kulinganishwa na baraza la runinga. Pili, kaunti hiyo hiyo ya Nyamira iliona mwaka 2008 jinsi kumtoa jirani kunavyokuwa pale ambapo hakuna kamera wala zawadi. Hoja kuu ni kwamba mchezo wa Shaba uliazima umbo la baraza la wazee na kuligeuza kusudi lake. Baraza la kupatana likawa baraza la kutoana. Somo la uongozi lililomo mchezoni humo ni la kweli, lakini hupatikana pale mchezo unaposhindwa zaidi kuliko pale unaposhinda.

2. Chimbuko la utanzu

Wazo la mchezo huu lilibuniwa na Mwingereza Charlie Parsons, na toleo lake la kwanza lilionyeshwa Sweden mwaka 1997 kwa jina la Expedition Robinson. Jina hilo linaelekeza moja kwa moja kwenye riwaya ya Daniel Defoe ya mwaka 1719 inayosimulia habari za Robinson Crusoe, mtu aliyebaki peke yake kisiwani. Miaka miwili baadaye, 1999, Uholanzi ilitoa Big Brother, mchezo ulioazima jina lake kutoka riwaya ya George Orwell iliyochapishwa mwaka 1949. Yaani michezo miwili iliyoujenga utanzu huu ilizaliwa na kubatizwa kwa majina ya riwaya. Kwa hiyo haifai kuitazama kama kwamba iko nje kabisa ya uwanja wa fasihi.

Urithi huo una kasoro yake. Defoe alimwandika mtu mmoja anayejenga ulimwengu katika upweke. Runinga ilichukua upweke huo na kuuweka mwishoni mwa msuko: watu wengi huanza pamoja, na kila hatua ya hadithi hupunguza idadi yao mpaka abaki mmoja. Katika hadithi nyingi za Kiafrika, upweke ni adhabu au ni mwanzo wa safari, na shujaa husifiwa anaporudi kwa watu wake. Hapa upweke umefanywa kuwa tuzo.

Uzito wa kutolewa ulionekana tangu siku za awali. Mshiriki wa kwanza kutolewa katika toleo la Sweden alijiua mwaka huo huo wa 1997, kabla ya kipindi chenyewe kurushwa hewani. Mchezo uliendelea, ukavuka bahari, na mwaka 2000 ukaanza Marekani. Shaba ilikuwa msimu wake wa tatu huko.

Afrika nayo ilipata matoleo yake. Big Brother Africa ilianza mwaka 2003, na Watanzania wawili walipata kushinda, Richard Bezuidenhout mwaka 2007 na Idris Sultan mwaka 2014. Katika mchezo huo waliopiga kura ya mwisho walikuwa watazamaji walioko mbali, wasioishi na matokeo ya kura yao. Mchezo wa Shaba ulikuwa tofauti, na ndiyo maana unafaa zaidi kwa uchunguzi wa uongozi: waliopiga kura ni wale wale waliolala ndani ya boma moja.

3. Boma la Shaba na wahusika wake

Kambi iliyoitwa Samburu iligawanyika mapema kwa misingi ya umri. Vijana wanne, wakiongozwa na Silas Gaither, waliungana dhidi ya wenzao wanne wa makamo. Watu wa makamo walilaumu uvivu wa vijana. Vijana walilaumu amri za watu wa makamo. Carl Bilancione na Linda Spencer walitolewa kwa kufuatana.

Hapa kuna kinaya ambacho watunzi wa mchezo, yamkini, hawakukikusudia. Wasamburu halisi, waliokuwa wakiishi jirani na mbuga hiyo, wanajulikana katika maandishi ya kianthropolojia, hasa utafiti wa Paul Spencer uliochapishwa mwaka 1965, kwa mfumo wao wa marika ambao huwapa vijana na wazee nafasi zao, na huuweka ugomvi kati ya rika na rika ndani ya taratibu zinazojulikana na wote. Kambi iliyobeba jina lao ilikuwa na ugomvi wa marika bila taratibu za marika. Jina liliazimwa, mfumo ukaachwa.

Kisha waandalizi walifanya jambo lisilowahi kufanywa katika misimu iliyotangulia. Waliwabadilisha watu watatu kutoka kila kambi. Silas, aliyekuwa kama mfalme mdogo katika kambi yake, alijikuta ugenini katika kambi ya Boran, na mara tu baada ya uhamisho huo alitolewa. Nguvu yake haikuwa nguvu ya tabia wala ya hekima. Ilikuwa hesabu ya kura nne dhidi ya nne, na hesabu ilipobadilika, uongozi ukayeyuka. Mtu aliyezoea kusoma tamthilia za Kiswahili zinazohusu utawala atamtambua Silas haraka. Ni ndugu wa viongozi wengi wa jukwaani ambao hudhani kwamba watu waliokaa karibu nao ni watu wao, mpaka siku uwanja unapohamishwa. Katika Kigogo ya Pauline Kea, tamthilia iliyosomwa na kutahiniwa katika shule za upili nchini Kenya hadi mwaka 2022, Majoka analitawala jimbo la Sagamoyo kwa dhana hiyo hiyo.

Kwa upande wa fani, mchezo huu unategemea mbinu mbili za jukwaani. Ya kwanza ni uzungumzinafsi. Kila mshiriki hutolewa pembeni na kuzungumza na kamera peke yake, akieleza anachokifikiri kweli. Ya pili ni kinaya cha kidrama, ambacho huzaliwa na ile ya kwanza: mtazamaji anajua lililo moyoni mwa kila mtu, ilhali wahusika wenyewe hawajuani. Taharuki yote inasimama juu ya pengo hilo. Mtu husema uongo hadharani na ukweli faraghani, na mchezo hauna nafasi rasmi ambapo maneno hayo mawili hukutanishwa kabla ya hukumu kutolewa.

Hali kadhalika, hapana budi kukumbuka uhariri. Siku 39 za maisha ya watu zilikatwa zikawa saa chache za picha. Anayeonekana mhusika duara ni yule aliyepewa muda. Anayeonekana mhusika bapa ni yule ambaye maneno yake yalibaki mezani kwa mhariri. Uhalisia wa mchezo huu, basi, ni uhalisia uliotungwa, na mtunzi wake haonekani kwenye jukwaa.

4. Kura moja

Wachezaji kumi waliobaki waliunganishwa kuwa kambi moja waliyoiita Moto Maji. Jina hilo la Kiswahili linaonyesha muungano wa vitu viwili visivyopatana, na katika baraza la kwanza la kambi hiyo ndipo lilipotokea tukio linalostahili kusomwa kwa makini kuliko mengine yote.

Lex van den Berghe alikuwa ndiye kiongozi wa kundi lenye nguvu. Usiku huo aliyetolewa alikuwa mtu mwingine, lakini Lex aligundua kwamba kura ilikuwa imepigwa dhidi yake pia. Kura hiyo haikumdhuru wala haikupunguza nguvu za kundi lake. Hata hivyo hakuweza kuivumilia. Alianza kumtafuta mwenye kura, akawatazama watu nyuso, akasikiliza sauti zao, na hatimaye moyo wake ukamwambia kwamba ni Kelly Goldsmith, mwenzake wa tangu kambi ya Boran. Kelly alikana. Katika baraza lililofuata Kelly alitolewa.

Kura ile ilikuwa imepigwa na Teresa Cooper. Mtazamaji alilijua hilo; Lex hakulijua. Mtu asiye na hatia alihukumiwa kwa dhana, na aliyehukumu alikuwa pia mdai na shahidi pekee. Wala hapana haja ya kumfanya Lex kuwa mtu mwovu. Katika msimu wote alionyesha bidii na uaminifu kwa marafiki zake wa karibu. Kosa lake ni la viongozi wengi wema, yaani kudhani kwamba anayepiga kura dhidi yao amewavunjia heshima, na kwamba hisia zao ni ushahidi wa kutosha.

Ni vyema kulilinganisha tukio hili na baraza lingine la kubuni. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotolewa mwaka 1951, Karama anashtakiwa na waziri mkuu Majivuno mbele ya mfalme kwa sababu ya kutaka kufundisha sheria. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali, ambao kila mmoja alirudi na faida kwa nchi na kila mmoja akatiwa gerezani. Kusadikika ni nchi iliyozoea kuwatupa watu waliokuwa na manufaa kwake. Linaloiokoa nchi hiyo ni kwamba mshtakiwa amepewa nafasi ya kusema mpaka mwisho, na mshtaki wake amelazimika kukaa na kusikiliza. Hukumu inabadilika kwa sababu masimulizi yamebadilisha fikra za wasikilizaji. Kelly hakuwa na nafasi ya namna hiyo. Neno lake lilikuwa dhidi ya moyo wa kiongozi, na katika baraza la kutoana moyo wa kiongozi hutosha.

Mchezo wenyewe, hata hivyo, ulikuwa na sheria moja yenye busara. Watu saba wa mwisho kutolewa ndio walioketi kama jopo na kumchagua mshindi kati ya wawili waliobaki. Kelly alikuwa wa kwanza kuketi katika jopo hilo. Maana yake ni kwamba aliyetaka ushindi alipaswa hatimaye kusimama mbele ya wale aliowashinda na kuomba ridhaa yao. Lex hakufika huko: Kim Johnson, mwalimu mstaafu aliyekuwa mkubwa kwa umri kuliko wenzake wote, alishinda kinga ya mwisho na kumtoa. Jopo lilimchagua Ethan Zohn, mchezaji wa soka, kwa kura tano dhidi ya mbili za Kim. Zohn alitumia sehemu ya fedha zake kusaidia kuanzisha shirika la Grassroot Soccer mwaka 2002, lililoanza kazi Zimbabwe na ambalo hutumia soka kuwafundisha vijana kujikinga na virusi vya Ukimwi. Inafaa kuzingatiwa kwamba aliyeshinda alikuwa mtu aliyeumiza watu wachache.

5. Etureti: baraza lisiloweza kumtoa jirani

Sironga ni mahali pa vilima na bonde lenye ardhioevu linalojulikana kwa jina hilo hilo. Katika mazingira ya namna hiyo mtu wa juu na mtu wa chini hutegemea maji yale yale, na mpaka wa shamba huwa ni njia ya miguu au mstari wa miti. Ugomvi kati ya majirani wa aina hii hauwezi kumalizwa kwa mmoja kuzimiwa mwenge na kuondoka. Kesho yake watakutana kisimani.

Etureti ilikuwa ni baraza la wazee wa ujirani miongoni mwa Abagusii. Serikali ya kikoloni baadaye iliigeuza kuwa ngazi ya chini ya utawala wake, lakini asili yake ilikuwa ni kikao cha watu waliojuana. Wazee walisikiliza pande zote mbili mbele ya hadhira, mashahidi wakaulizwa, na pale maneno yalipogongana na ushahidi ukakosekana, jambo liliweza kupelekwa kwenye kiapo, emuma, kilichoogopwa kwa kuwa madhara yake yaliaminika kumfuata mwongo na kizazi chake. Lengo lilikuwa kulipa, kutakasa na kurudiana. Aliyeshindwa alibaki kuwa jirani, na hukumu ambayo yeye hakuweza kuikubali ilikuwa hukumu mbovu hata kama ilikuwa sahihi.

Tofauti ya kifani kati ya mabaraza haya mawili ni dhahiri. Shaba, ukweli ulisemwa faraghani na uongo hadharani. Katika etureti, kiapo kiliwekwa ili ukweli usemwe hadharani. Shaba, kura ilikuwa ya siri na hakimu hakutoa sababu. Katika etureti, mzee alitoa hukumu kwa maneno yake na jina lake. Shaba, hadhira haikuwa na sauti; katika etureti, hadhira ndiyo iliyobeba matokeo.

Tofauti nyingine inahusu ua. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1910, vijana wa Abagusii waliishi katika ebisarate, kambi za ng'ombe zilizozungushiwa boma, ambako walilinda mifugo na kujifunza ushujaa na utii. Utawala wa Waingereza ulizipiga marufuku. Kwa umbo, egesarate na boma la Shaba vinafanana sana: vijana, ua, usiku, hatari iliyo nje. Lakini katika egesarate ua uliwekwa ili adui asiingie. Katika boma la Shaba hatari iliyoogopwa zaidi ilikuwa ndani ya ua, na simba walikuwa pambo la hadithi.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuipamba etureti kupita kiasi. Kilikuwa kikao cha wanaume wazee. Wanawake na vijana walizungumziwa zaidi kuliko walivyozungumza. Mwaka 1908, Otenyo alipomchoma mkuki afisa wa Kiingereza G.A.S. Northcote, sauti inayokumbukwa kumchochea ni ya Moraa, mwanamke na nabii, ambaye uongozi wake haukutoka katika kiti chochote cha baraza. Katika jambo hili mchezo wa Shaba una la kuifundisha etureti. Ndani ya boma lile mwalimu mstaafu wa kike alikuwa na kura moja kamili, sawa na kijana yeyote mwenye misuli, na kura hiyo ndiyo iliyoamua mwisho wa hadithi.

Wala haisemwi kwamba Abagusii hawakujua kutoana kwa dhana. Mwezi Mei 2008 watu 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto katika eneo la Kisii kwa kushukiwa kuwa wachawi. Hapakuwa na etureti wala kiapo. Palikuwa na orodha ya majina na umati wa usiku. Mantiki yake ni ile ile iliyomwondoa Kelly: moyo umeshajua, ushahidi wa nini? Tofauti ni kwamba Kelly alikwenda kulala hotelini.

6. Borabu, 2008

Methali ya Kiswahili husema kwamba akufukuzaye hakwambii toka. Jamii inayosema hivyo inaona haya kufukuza, na haya hiyo ni sehemu ya ustaarabu wake. Baada ya matokeo ya uchaguzi wa rais wa Kenya kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, haya hiyo iliondoka katika sehemu nyingi za nchi. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliorodhesha vifo 1,133, na mamia ya maelfu ya watu walihama makwao.

Nyamira haikusalimika. Borabu, eneo la kaunti hiyo lililokuwa sehemu ya mashamba ya walowezi na ambako Abagusii walipewa makazi katika miaka ya 1960, linapakana na Sotik, nchi ya Wakipsigis. Mpaka huo ulikuwa umekwisha kuona mapigano katika miaka ya 1990. Mwaka 2008 nyumba zilichomwa tena, na watu wa pande zote mbili wakakimbia.

Tukio hilo linalazimisha kulisoma upya lile la Moto Maji. Lex aliadhibu kura aliyoidhania. Hakuiona karatasi, bali alisoma uso. Mpakani mwa Borabu na Sotik, kama kwingineko nchini, jirani aliadhibiwa kwa kura iliyodhaniwa kuwa ameipiga, na ushahidi ulikuwa jina lake na lugha ya mama yake. Kura ya siri, iliyobuniwa kumlinda mpiga kura, haikumlinda mtu yeyote, kwa kuwa kabila lilikuwa limekwisha kufanywa kuwa tamko la wazi. Hapa ndipo uchaguzi wa watunzi wa mchezo wa kuzipa kambi mbili zinazoshindana majina ya makabila ya Kenya unapopoteza utani wake. Kwa mtazamaji wa ughaibuni, kabila lililotoa kauli ya kumtoa mtu wake lilikuwa ni tamathali. Kwa mtu wa Borabu halikuwa tamathali.

Suluhu nayo ilikuja kwa njia ya baraza. Mapatano yaliyosimamiwa na Kofi Annan na kutiwa saini na Mwai Kibaki na Raila Odinga tarehe 28 Februari 2008 hayakumtoa mtu. Yaliwaweka mahasimu wawili katika serikali moja. Serikali hiyo ya mseto ililaumiwa kwa ukubwa wake na kwa kutoelewana kwake, na lawama nyingi zilikuwa za haki. Lakini kwa kusudi lake ilikuwa karibu zaidi na etureti kuliko Shaba. Katiba ya mwaka 2010 ilifuata njia hiyo hiyo katika mambo mawili. Ilimtaka rais apate, zaidi ya nusu ya kura zote, angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, ili ridhaa itafutwe pia nyumbani kwa wapinzani. Na katika kifungu cha 159 iliziagiza mahakama kuendeleza upatanisho, usuluhishi na njia za jadi za kutatua migogoro. Etureti, iliyokuwa imegeuzwa na ukoloni kuwa tarishi wa chifu, ilipata tena kutambuliwa kisheria, safari hii ndani ya mipaka ya haki za binadamu ambazo etureti ya kale haikuzijua.

7. Utanzu ulivyogeuzwa nyumbani

Je, michezo ya uhalisia haina budi kuwa ya kutoana? Watayarishaji wa Afrika Mashariki wamelijibu swali hili kwa vitendo. Nchini Tanzania, Maisha Plus, iliyoanza mwaka 2009 na inayohusishwa na mchoraji katuni Masoud Kipanya, iliwahamisha vijana kutoka jumba la anasa hadi kijijini, ambako walilima, wakapika na kuchota maji. Kutolewa kulibaki, lakini swali lililoulizwa lilibadilika kutoka nani mjanja hadi nani anaweza kuishi na watu. Kijiji hicho baadaye kiliwapokea pia wanawake wa shindano la Mama Shujaa wa Chakula, lililoendeshwa na shirika la Oxfam tangu mwaka 2011. Wakulima wanawake, ambao etureti isingewapa kiti, walionekana na taifa zima wakieleza maarifa yao.

Kenya nayo ilipata Shamba Shape Up, iliyoanza kurushwa mwaka 2012 na kampuni ya Mediae. Humo hakuna anayetolewa. Wataalamu humtembelea mkulima, hukaa naye siku chache, na pamoja hurekebisha zizi, udongo au paa. Msuko wake hauna adui ila tatizo lenyewe. Kwa kipimo cha taharuki ni hadithi nyepesi. Kwa kipimo cha uongozi imekomaa zaidi, kwa sababu kiongozi ndani yake hupimwa kwa hali anayoiacha nyuma yake anapoondoka.

8. Hitimisho

Mchezo wa Shaba una masomo ya uongozi, na masomo hayo si yale yanayosifiwa kila mara. Silas anafundisha kwamba wingi si uongozi. Lex anafundisha kwamba kiongozi asiyeweza kulala kwa sababu ya kura moja dhidi yake ataishia kumdhuru mwaminifu wake. Jopo la saba linafundisha kwamba ushindi haujakamilika mpaka walioshindwa wauridhie. Kati ya haya, la tatu ndilo linalovuka mipaka ya mchezo na kufika Sironga, kwa kuwa ndilo etureti ililolijua tangu zamani.

Ukubwa ni jaa, wasemavyo Waswahili: hupokea takataka za kila mtu na haulalamiki. Kura iliyopigwa dhidi ya kiongozi ni sehemu ya takataka hizo, na kazi yake ni kuipokea. Mwalimu wa fasihi anayewafundisha vijana wa Nyamira tamthilia za utawala anaweza kuuweka mchezo huu mezani kando ya Kusadikika na Kigogo, kisha awaulize wanafunzi wake swali ambalo runinga hailiulizi: baada ya mwenge kuzimwa na kamera kuondoka, aliyetolewa alikwenda kuishi wapi, na ni nani atakayekuwa jirani yake? Katika Shaba jibu lilikuwa ndege ya kurudi Marekani. Katika Borabu mwaka 2008 halikuwapo jibu jepesi, na waliorudi walirudi kwenye mpaka ule ule, mbele ya majirani wale wale, ambao ilibidi waketi nao tena.